Dokta, tumbo langu linajua siku ya kufunga hesabu

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mhasibu, naishi Mbagala. Mwaka wa pili huu tumbo linasokota, linajaa gesi, nikienda chooni napata nafuu kidogo halafu nusu saa tena, na mwisho wa mwezi ndo usiseme. Nimepima amiba, taifodi, vidonda, vyote safi, flajili najinunulia mpaka nimeichoka. Juzi daktari kaniambia eti "ni mawazo tu dada". Kwa hiyo najifanyisha? Saa hizi sipandi daladala kabla sijajua choo cha njiani kiko wapi, na asubuhi hata chai sinywi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujifanyishi, na hilo "tu" daktari angelimeza.

Unayoeleza yanafanana sana na IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome, utumbo unaokereka haraka), yaani maumivu angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yanayoendana na haja kubwa, na choo chenyewe kubadilika. Ukuta wa utumbo una mishipa yake ya fahamu, mamilioni, inaongea na ubongo muda wote, ndo maana mtu akiitwa kwa bosi anakimbilia chooni. Kwa mwenye IBS hiyo laini mara nyingi iko wazi kupita kiasi. Watafiti wakiingiza puto dogo kwenye utumbo na kulijaza hewa kidogo kidogo, wengi wenye IBS wanaumia mapema kuliko wengine, kwa hiyo gesi ileile ya maharage ambayo mwenzio haimshtui, wewe inakukata.

Sasa ile hesabu yako ya vyoo unaiona kama kinga, kumbe ndo inaliambia tumbo kuna hatari mbele. Mi ningeanzia hapo. Kunywa chai yako, panda daladala vituo vitatu tu, pumua taratibu kwa tumbo, shuka, wiki ijayo ongeza kimoja. Ukipata mtaalamu wa saikolojia wa kukuongoza ni bora zaidi. Hata hipnosi (mtaalamu anakuongoza kwa maneno hadi utulie kabisa) inasaidia baadhi ya watu, Manchester kule Uingereza walichapisha majaribio yao mwaka 1984 (mi mwenyewe nilipoisikia nilicheka). Na ukiandikiwa amitriptilini dozi ndogo usiseme umeitwa kichaa, ni dawa ya sonona kweli ila hutuliza na maumivu ya tumbo.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu au tumbo linakuamsha usiku, usisubiri gazeti, rudi hospitali. Flajili ya kujinunulia acha kabisa.