Malengelenge yakirudi, saa 24 za kwanza ndizo za kuwahi

Mtu akiona malengelenge ya mdomoni au ya sehemu za siri yamerudi, wazo la kwanza huwa kwamba kinga yake imekwisha. Wengine hushuka Kariakoo kutafuta dawa ya "kusafisha damu", wengine hubaki na hofu ya VVU bila kwenda kupima. Kupima VVU ni jambo jema, nenda. Lakini mtu mwenye afya njema kabisa anaweza kurudiwa na malengelenge ya sehemu za siri mara nne ndani ya mwaka wa kwanza, hasa kama kirusi ni HSV (herpes simplex, kirusi cha malengelenge) aina ya 2. Kinga yake ipo na inafanya kazi. Kinachomshinda ni muda.

Kirusi hiki kikishaingia kupitia ngozi laini hupanda kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye fundo la neva. Cha mdomoni hukaa ndani ya fuvu, usawa wa mbele ya sikio. Cha sehemu za siri hukaa chini ya mgongo. Humo hulala, kikiwa hakitengenezi karibu protini yoyote, kwa hiyo kinga haina cha kukitambua. Seli za neva zenyewe hazioti upya zikifa, na mwili hauko tayari kuziua ili kumtoa mpangaji mmoja. Seli nyeupe aina ya CD8 hukaa kando ya fundo hilo na kukizuia kisiamke, bila kuiua neva. Ndiyo maana hakuna dawa wala mitishamba inayokitoa mwilini, na anayekuuzia chupa ya kukimaliza anakula hela yako.

Homa ya malaria, jua kali la mchana midomoni, hedhi, kukosa usingizi au msongo vinaweza kukiamsha. Kikiamka hushuka kwenye mshipa uleule hadi kwenye ngozi. Kingamwili zilizomo kwenye damu hazikiwezi sana kwa sababu kinapita kutoka seli hadi seli, na kina protini inayozuia seli iliyoambukizwa isijitangaze kwa walinzi. Wanaokimaliza hasa ni seli za CD8 zilizobaki kwenye ngozi tangu vita vya nyuma. Mahali zilipo nyingi, kirusi huzimwa ndani ya saa chache na wewe huoni kitu. Kikitokea sentimita moja pembeni ambako ni chache, kinazaliana mpaka wenzao wafike, na hapo ndipo lengelenge linapotoka. Hiyo pia ndiyo sababu mtu asiye na kidonda chochote anaweza kumwambukiza mwenzake: vile vipindi vya saa chache vipo, ila havionekani. Kondomu hupunguza hatari hiyo, haiiondoi yote.

Sasa dawa. Aciclovir huzuia kirusi kujinakili, basi. Haigusi kilicholala, na kidonda kikishaanza kukauka kazi yake imebaki ndogo. Anza unapohisi mchonyoto, kuwashwa au ganzi mahali palepale pa siku zote, kabla ngozi haijavimba, au ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza. Malengelenge ya sehemu za siri yaliyojirudia hutibiwa kwa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 5. Hivyo ni vidonge 15 vya miligramu 400. Mwombe daktari akuandikie mapema ukae navyo nyumbani, kwa sababu mchonyoto ukianza Ijumaa usiku, foleni ya Jumatatu imeshachelewa. Dawa hutoka mwilini haraka, nusu yake ndani ya saa 3 hivi, kwa hiyo panga saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kumeza vitatu kwa pamoja jioni kwa sababu ulisahau si sawa na kuvigawa. Kunywa maji ya kutosha, na mwenye ugonjwa wa figo apangiwe dozi na daktari. Krimu ya aciclovir husaidia kidogo mno, usiitegemee.

Linaloharibu zaidi hapa mjini ni krimu zenye steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, zikiwemo zile za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila muwasho na zilizofichwa kwenye mkorogo. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi. Muwasho unatulia siku ya kwanza, kirusi kinapata uwanja, kidonda kinatanuka. Antibayotiki nazo haziui kirusi. Spiriti na dawa ya meno huunguza tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kausha kwa kugusagusa, vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Mkojo ukichoma, mwagia maji huku unakojoa.

Kwa wanaorudiwa mara sita au zaidi kwa mwaka kuna dozi ya kila siku, miligramu 400 asubuhi na jioni, ambayo daktari huipitia tena baada ya mwaka. Hapo wengi hupumzika kweli.

Kuhusu vipimo: kingamwili huweza kuchukua wiki 12 kuonekana, na zikionekana hazisemi uliambukizwa lini wala na nani. Usivunje ndoa kwa karatasi hiyo. Kipimo cha maana ni sampuli ya lengelenge bichi, siku ya kwanza au ya pili, pamoja na kupima kaswende.

Kidonda kinachozidi mwezi mmoja ni habari nyingine. Hapo kinga inaweza kuwa imeshuka kweli, na hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala hapa Dar es Salaam watakupima VVU. Aliyeanza ARV, dawa za VVU, karibuni anaweza kuona vidonda vikizidi kwa muda kinga inapoamka. Asiache ARV, arudi CTC, kliniki ya VVU. Mkanda wa jeshi, ule wa upande mmoja wa mwili, ni kirusi cha tetekuwanga na dozi yake ni kubwa zaidi. Wahi ndani ya saa 72. Jicho likiwa jekundu, linauma na linaogopa mwanga, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na usitie matone ya steroidi uliyopewa dukani.

Mama mjamzito mwenye malengelenge, au ambaye mumewe anayo, amwambie mkunga kliniki mapema, maana maambukizi mapya karibu na kujifungua ndiyo ya hatari zaidi. Kichanga hana bado zile seli za CD8 zenye kumbukumbu. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu, hata kama ni bibi aliyetoka mkoani kumwona mjukuu. Na mtoto wa chini ya wiki sita mwenye homa, anayekataa kunyonya, aliyelegea au mwenye lengelenge hata moja, apelekwe hospitali usiku huohuo.