Puli ya krenki kwa 1JZ-GTE iliyoongezwa busti (presha ya turbo)

Mkuu, umeuliza kama Toyota Chaser yako ya 1JZ-GTE (injini ya silinda 6 yenye turbo) uivalishe ile puli nyepesi ya aluminiamu uliyoiona hapa Mwanza, au ubaki na ya Toyota. Hiyo nyepesi achana nayo. Puli ya Toyota ina kitovu na ringi ya nje, katikati raba inayomeza mtikisiko wa krenki (shafti kuu ya injini) inapojisokota. Krenki ya silinda 6 za mstari mmoja ni ndefu, na ikikosa kinga, gia za pampu ya oili zinaweza kupasuka, maana krenki ndiyo inayozizungusha moja kwa moja. Hapo oili haizunguki, injini imekufa.

Kagua kwanza uliyonayo. Piga mstari wa rangi kutoka kitovuni, juu ya raba, hadi kwenye ringi. Endesha siku chache. Mstari ukikatika, raba imeachia, na hata alama ya taimingi inakudanganya. Za mtumba raba zake zimezeeka, kwa busti kubwa usibahatishe.

Ukinunua mpya, chukua ya kampuni ya ATI (raba zake zinabadilishwa) au Fluidampr (ndani ina silikoni nzito), yenye alama ya SFI 18.1 (kiwango cha usalama cha puli za magari ya mbio).

Kuitoa, pula (kifaa cha kuvutia puli) ishike matundu ya kitovu. Ukivuta ringi unachana raba. Nyundo marufuku. Bolti inakazwa takriban Nm 330, kwa hiyo fundi wa Nyakato asiye na spana ya torki asikuguse.