Maswali ya Wasomaji: Matusi ya Redioni na Maradhi ya Figo

Barua za mwezi huu zimetoka mbali: Leicester, Columbus, Mombasa na Unguja. Wengine wanauliza wafanye nini redio inapowatukana, wengine wanauliza habari za figo, na barua mbili zimebeba yote mawili.

Swali: Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio moja hapa kwetu ana mtindo wa kuwaachia wanaopiga simu watuite sisi Waafrika wadudu, naye anacheka. Sasa ni wiki mbili. Nimemwandikia meneja, kimya. Nilirekodi kipande kwa simu yangu. Nianzie wapi?
– Mama N., Leicester, Uingereza

Jibu: Mama N., usiache siku zikupite. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huko, hupokea malalamiko ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kiruke hewani. Wiki mbili zako zimeshakula siku 10.

Rekodi yako itunze, ila si hiyo itakayoamua. Kila kituo cha redio kinatakiwa kuhifadhi matangazo yake kwa siku 42, na Ofcom inaweza kuyadai. Kazi yako ni kuwaonyesha pa kusikiliza: jina la kituo, jina la kipindi, tarehe, saa na dakika. Hapa wengi wetu huteleza. Saa mbili na robo asubuhi kwetu, kwao ni 08:15. Ukijaza 2:15 watatafuta usiku wa manane na hawatakuta kitu.

Kosa la pili ni kuandika "redio hii ni ya kibaguzi" na kuishia hapo. Chagua kipande kimoja kibaya kuliko vyote, cha dakika tano au kumi. Andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kisha andika mtangazaji alifanya nini baada ya hapo. Alimpinga mpiga simu? Alimkata? Alicheka na kumwomba aendelee? Hilo lina uzito, kwa sababu mwenye leseni hubeba dhamana ya kila kinachoruka hewani, hata kikitoka kinywani mwa mpiga simu. Taja kanuni: 3.3 inahusu kudhalilisha watu au jamii, 3.2 inahusu kauli za chuki, na 2.3 inataka maneno ya kuudhi yawe na sababu kulingana na muktadha. Kipindi kinachopinga sera ya uhamiaji kwa ukali hakijavunja kanuni, na ukichanganya hilo na neno "wadudu" utadhoofisha lalamiko lako mwenyewe.

Adhabu huanzia kutangazwa hadharani kuwa kituo kimekiuka. Makosa mazito huleta faini, hata leseni kufutwa. Kama kipindi ni cha BBC, lalamika kwanza BBC kwenyewe. Kikiwa ni podikasti tu, isiyorushwa redioni, kanuni hizi hazikifikii. Mtu akitaja mtaa wenu au msikiti wenu na kuhimiza ushambuliwe, hilo ni la polisi, siku hiyo hiyo.

Nakuomba usipige simu kubishana naye hewani. Kitufe cha sauti anacho yeye.

Swali: Mtangazaji wa hapa Ohio alisema watu weusi ndio wanaojaza vituo vya kusafisha damu kwa uvivu na ulafi wao, na kwamba wanakula kodi za wenzao. Mume wangu yuko kwenye mashine mara tatu kwa wiki na aliyasikia yote. Hajala vizuri tangu siku ile. Je, tupeleke malalamiko FCC, mamlaka ya utangazaji ya huku?
– Bi M., Columbus, Marekani

Jibu: Pole sana Bi M., na umfikishie mzee salamu zetu. Tuanze na uongo aliosikia, kwa sababu ndio unaomkosesha chakula.

Ni kweli Wamarekani weusi, walio kama asilimia 13 ya wananchi, ni karibu theluthi moja ya wanaosafishwa damu. Sababu si uvivu. Presha na kisukari visivyotibiwa mapema huua figo za mtu wa rangi yoyote, na asiye na bima nzuri humfikia daktari akiwa amechelewa. Ipo pia jeni iitwayo APOL1. Mwaka 2010 iligundulika kuwa mtu aliyerithi nakala mbili za aina fulani za jeni hii yumo hatarini zaidi, ingawa wengi wenye nakala hizo hawaugui. Aina hizo zimejaa Afrika Magharibi kwa sababu ziliwakinga watu dhidi ya malale, lakini Ethiopia karibu hazipo. Anayesema "figo za mtu mweusi" kana kwamba ni kitu kimoja hajui anachokisema.

Kuna jambo ambalo mtangazaji huyo hatalitaja. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilipopima nguvu ya figo ziliongeza matokeo ya mtu mweusi kwa hesabu ya rangi. Kwa fomula ya 2009, majibu ya damu yaliyompa mtu mwingine 18 yalimpa mtu mweusi karibu 21. Na mlango wa kuanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa ni 20 kushuka chini. Yule akaingia foleni, huyu akaambiwa bado. Septemba 2021 wataalamu wa figo walipendekeza hesabu hiyo iachwe, na Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kupitia majina ya wagonjwa weusi na kuwarudishia muda waliopotezewa. Kama mumeo yuko kwenye foleni, muulizeni mratibu wake swali hili: "Kwa hesabu mpya, alifika 20 tarehe gani, na tarehe hiyo imeingizwa?" Majibu ya zamani ya kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua nguvu ya figo, ndiyo ushahidi, kwa hiyo yakusanyeni hata kutoka kliniki mlizokwishahama.

Kuhusu kodi, Medicare, bima ya afya ya serikali, hulipia usafishaji damu kwa sheria ya 1972, na haki hiyo hutokana na makato ya mshahara wa mgonjwa, mwenzi wake au mzazi wake. Kama mumeo alifanya kazi akakatwa, anakula jasho lake.

Sasa FCC. Huko si kama Uingereza. Katiba inalinda hata maneno machafu ya aina hii, na FCC imekatazwa kisheria kuchuja vipindi. Malalamiko yenu yatapokelewa na huenda yasizae kitu. Panapouma ni kwa wenye matangazo ya biashara. Tarehe 4 Aprili 2007 mtangazaji Don Imus aliwatukana kwa rangi yao wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Rutgers. Wafanyabiashara wakubwa wakaanza kuondoa matangazo yao. Tarehe 11 televisheni ya MSNBC ikakiacha kipindi, na tarehe 12 CBS, mwajiri wake wa redio, ikamfukuza. Ilichukua siku nane. Lakini Desemba mwaka huo huo alikuwa amerudi hewani kwenye kituo kingine, kwa hiyo msifunge daftari mapema.

Sikilizeni kipindi kwa saa nzima, siku tatu, mkiorodhesha kila tangazo. Anzeni na biashara za mjini kwenu, kama duka la magari, wakili au hospitali ya meno, kwa sababu mwenyewe husoma barua zake. Kampuni kubwa mara nyingi hununua nafasi kwa jumla bila kujua tangazo limeangukia wapi. Andikeni barua fupi ya nusu ukurasa yenye tarehe, maneno yenyewe na swali moja tu: je, unataka jina lako liwe kando ya maneno haya? Msitishie mtu. Barua moja ya vitisho itasomwa hewani kesho yake na kumfanya yeye ndiye aliyeonewa.

Swali: Naendesha kipindi cha jioni redioni. Nataka kutoa nusu saa kwa ugonjwa wa figo, lakini mara ya mwisho wapiga simu waligeuza mada wakaanza kusema Wahindi wanaiba figo zetu. Nitaipangaje?
– Mtangazaji, Mombasa

Jibu: Ndugu, mpe mtaalamu dakika 12 za mwanzo bila simu. Msikilizaji akipata jambo la kushika, uvumi hupungua. Fundi wako aangalie kama studio ina mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache ili tusi likatwe kabla ya kutoka. Kama haupo, anayepokea simu aulize swali la mpigaji kabla ya kumuunganisha. Mtu akisema "Wahindi wanaiba", usirudie maneno yake hata kwa kuyakanusha. Muulize: nani, hospitali gani, siku gani? Akiwa na jibu, mwondoe hewani na umwelekeze polisi, maana biashara ya viungo ni jinai anayepaswa kuijibu mhusika, si kabila wala rangi. Akiwa hana, funga simu. Sheria ya Utangamano ya 2008 nchini Kenya inaadhibu kauli za chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Na kule Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari. Mikrofoni ilihesabiwa.

Kwenye figo, usianze na dalili. Kuvimba miguu, kichefuchefu na kukosa pumzi huja figo zikiwa zimeshaharibika sana. Anza na nani apime: mwenye presha, mwenye kisukari, anayeishi na VVU, mwenye ndugu wa damu aliyeugua figo, na mama aliyepata kifafa cha mimba.

Vipimo ni viwili, na ukitaja kimoja umemdanganya msikilizaji. Cha kwanza ni kreatinini kwenye damu, nayo igeuzwe kuwa eGFR, yaani makadirio ya nguvu ya figo kuchuja damu. Bibi mwembamba wa miaka 70 anaweza kuambiwa kreatinini yake ni ya kawaida huku figo zimeshuka, kwa kuwa misuli yake ni midogo. Cha pili ni albumini, aina ya protini, kwenye mkojo, ambayo mara nyingi hupanda kabla eGFR haijashuka. eGFR chini ya 60, au albumini ya miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, ikidumu miezi mitatu, ndiyo ugonjwa sugu. Jibu moja baya halitoshi: mazoezi mazito, homa, hedhi au maambukizi ya njia ya mkojo huharibu kipimo cha mkojo, na sahani kubwa ya nyama usiku hupandisha kreatinini.

Tenga dakika tatu kwa maumivu ya mgongo. Wengi hudhani mgongo ni figo, wananunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani wiki hadi wiki, na dawa hiyo ndiyo inayoziumiza. Sema pia kuwa dawa za presha enalapril na losartan hulinda figo zinazovuja protini. Kreatinini ikipanda kidogo baada ya kuzianza, daktari huwa anatarajia hivyo, kwa hiyo mgonjwa asiziache kwa kuambiwa na jirani. Mjamzito ndiye asiyezitumia.

Swali: Shikamoo. Baba yangu figo zimefika hatua ya tano, ya mwisho. Watu wanamletea madafu kila siku ili "yaoshe figo". Ni sawa?
– Binti, Unguja

Jibu: Marahaba, binti yangu. Si sawa, yasitishe leo. Dafu lenye nusu lita lina zaidi ya gramu moja ya potasiamu. Figo za baba haziwezi kuitoa, nayo ikijaa kwenye damu husimamisha moyo, wakati mwingine bila onyo. Maji mengi nayo hayaoshi chochote katika hatua hiyo, yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Muulize daktari wake kiasi cha maji kwa siku, kipimeni asubuhi kwenye chupa moja, na kila anachokunywa kitoke humo, chai na uji vikiwemo. Ndizi, viazi na muhogo msimpikie kabla hamjaona kipimo cha potasiamu cha mwezi huu. Akilegea ghafla au moyo ukidunda ovyo, mpelekeni hospitali usiku huo huo, msingoje kliniki.