Kiazi hakinyonyi chumvi peke yake
Je, ukitia kiazi kwenye kiporo cha maharage kilichozidi chumvi, kitainyonya chumvi hiyo? Hapana, kiazi hakichagui chumvi. Kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, kwa hiyo unaobaki kwenye sufuria umekolea vilevile, ila umepungua. Nimeonja mara nyingi kabla na baada ya kukitoa, ulimi hauoni tofauti. Kiporo cha maharage kinaokolewa na kuongeza kitu kisicho na chumvi: mwaga nusu ya mchuzi, jazia maji ya moto, acha kichemke taratibu kama dakika 15 ili chumvi iliyoingia ndani ya punje itoke, kisha onja. Mchuzi ukiwa mwepesi mno, ponda punje chache humohumo, utakuwa mzito tena. Au pika maharage mengine bila chumvi kabisa uchanganye. Hii ndiyo ninayoiamini zaidi, maana ladha haipotei. Ndimu na sukari hudanganya ulimi tu, chumvi iko palepale. Kama nyumbani kuna mwenye presha, tafadhali usimpe kilichofunikwa kwa ndimu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.