Mũthoni amegeuka M?thoni

Swali: Nikiwa nyumbani Rongai huingia kwa SSH (njia ya kuitumia kompyuta iliyo mbali) kwenye seva ya ofisi, mjini Nairobi, na kusoma barua pepe kwa Mutt, programu ya barua ya maandishi matupu. Mũthoni anatokea kama M?thoni, na Njũgũna ndiye hasomeki kabisa. Nimeweka `set charset=utf-8` (charset ni seti ya herufi) kwenye .muttrc, faili la mipangilio ya Mutt, mambo yamezidi kuharibika. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza futa mstari huo. Mutt huuliza mfumo terminali inaelewa herufi gani, na hapo ndipo inapopewa jibu baya. Ukiilazimisha wewe, unaifundisha uongo tu.

Ukiwa ndani ya seva, andika `locale` (amri inayoonyesha mipangilio ya lugha na herufi) uangalie LC_CTYPE, sehemu ya herufi. Ikisema POSIX au C, hakuna aliyeweka kitu: hiyo inajua alama 128 za ASCII pekee, na ũ haimo. Ikilalamika "Cannot set LC_CTYPE", basi laptopu yako imetuma kupitia SSH jina la locale ambalo seva haina, tuseme sw_KE.UTF-8. Hili la pili hukutana nalo mara nyingi zaidi. `locale -a` itakuonyesha majina yaliyopo.

Kwenye Debian na Ubuntu hakuna haja ya kumsumbua msimamizi wa seva. Weka hivi kwenye .profile, faili linalosomwa ukiingia:

`export LC_CTYPE=C.UTF-8`

Inagusa herufi tu, tarehe zako zitabaki zilivyo. Ila hakikisha hakuna LC_ALL iliyosahaulika kwenye .bashrc, maana hiyo hupiku zote. Kisha toka kwenye seva uingie upya. Kama unatumia tmux (programu inayoweka vipindi vya terminali hai hata ukitoka), funga vipindi vyote kwanza, la sivyo utarudi palepale na kunilaumu.

Ukiona MÅ©thoni, hiyo ni kesi nyingine. ũ ya UTF-8 ni baiti mbili, C5 na A9. Programu ya mtumaji imedai ni Latin-1 (yaani iso-8859-1, ambako kila herufi ni baiti moja), basi kila baiti imesomwa kama herufi yake. Bonyeza Ctrl-E juu ya barua hiyo, badilisha charset iwe utf-8. Na usidhani Kiswahili kimesalimika: simu nyingi hupinda kile kikoma cha juu (' kuwa ’), na ng'ombe wa watu huja akiwa ngâ€™ombe.

Kwa barua unazotuma, mpangilio wa send_charset uache kama ulivyo. Mutt hujaribu us-ascii, kisha iso-8859-1, na ũ isipoingia kote huko, huenda utf-8 yenyewe.