Wasomaji Wauliza: Kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja Kutoka Baharini

Barua nne zilizochaguliwa mara hii zinahusu safari moja, nayo ni ya kupita kwa chombo mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake ndilo lililobeba mengi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwezi wa Desemba mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tutafika Unguja kwa mara ya kwanza, na tutakuwa na siku mbili tu. Jamaa zangu wananishauri nisitupe pesa kwa kukodi mashua, kwa kuwa Mji Mkongwe hutembelewa kwa miguu, na tena boti ya abiria kutoka Dar es Salaam inapita mbele yake. Je, baharini kuna cha kuonekana ambacho hatutakiona tukiwa nchi kavu? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, jamaa zako wana haki katika jambo moja. Vichochoro, milango ya nakshi na baraza za mji huu havionekani ukiwa ndani ya chombo, na hakuna mfereji unaoingia katikati ya nyumba. Hata hivyo, mji huu ulijengwa na watu waliofika kwa bahari, wakiwatazamia wengine watakaofika kwa bahari, na ndiyo maana majumba yake makubwa yote yamepanga mstari yakielekea maji. Anayesimama chini ya ukuta wa Ngome Kongwe huona ukuta tu, lakini aliye mita mia mbili au tatu baharini huona mji mzima. Boti ya abiria haikupi nafasi hiyo, kwa kuwa inapita kwa kasi kuelekea gati ya Malindi, bandari ya mji huu, wakati abiria wameshaanza kutafuta mizigo yao.

Ushauri wangu ni kwamba mkodi mashua ya tanga kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, wakati wa alasiri, muanzie Shangani, ncha ya mji ya magharibi, na mumwombe nahodha aambae na pwani hadi Malindi kisha arudi. Desemba upepo wa kaskazi unakuwa umeanza, na kwa kuwa kutoka Shangani kwenda Malindi ni kuukabili upepo huo, nahodha atalazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na huu, au atawasha mashine. Msikasirike akiiwasha. Wakati wa kurudi atatweka foromali, mti unaobeba tanga, tanga litajaa, na hapo watoto wako watajua kwa nini wafanyabiashara wa Ghuba na Bara Hindi waliweza kuja Unguja na kaskazi na kurudi kwao na kusi, mwaka baada ya mwaka, bila ya mashine yoyote.

Mkitoka Shangani mtaziona kwanza nyumba za mabalozi na matajiri wa karne ya 19. Miongoni mwake ni ule uliokuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, ambako maiti ya David Livingstone ilifikishwa mwaka 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuichukua kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara hadi Bagamoyo. Nyuma ya mapaa itachomoza minara miwili ya kanisa Katoliki, na wenyeji hawaliiti kanisa hilo kwa jina jingine ila Minara Miwili. Manahodha wengi huanza kuujua mji kwa minara hiyo.

Kisha mtafika mbele ya Forodhani, na hapa mwombeni nahodha ashushe tanga mtulie. Jina lenyewe linatokana na forodha, mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Mkiutazama mji, upande wa kulia ni Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ubavuni mwake ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883 na likawa la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Lilikuwa jengo refu kuliko yote, lenye roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma kila upande. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walifariki. Nimelitazama jumba hilo tangu utotoni, na sijazoea kuliona na jeraha lile. Waelezeni watoto kwamba kuta za mji huu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kwamba dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipenya paa na kuachwa, chokaa hulainika, boriti huoza, na ukuta wa unene wa mikono miwili hushindwa kujibeba.

Bado mkiwa hapo hapo, watazameni majirani wa Beit al-Ajaib upande wa kushoto. Kasri jeupe lililopo sasa lilijengwa upya baada ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla yake Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Walimpa muda hadi saa tatu ya asubuhi, na dakika chache baada ya saa hiyo manowari zao zikaanza kupiga mizinga zikiwa pale pale mtakapokuwa mmesimama nyinyi. Kwa kiasi cha dakika 38 Beit al-Hukm, jumba lililokuwa jirani, iliteketea, kasri likabomolewa, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa. Watu wa upande wa kasri waliouawa au kujeruhiwa walikaribia mia tano. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilijibu mapigo ikazamishwa bandarini, na milingoti yake ikabaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Ukisoma habari hizi katika kitabu cha historia ni vita vifupi kuliko vyote. Ukizisoma ukiwa juu ya maji hayo, ukapima kwa macho jinsi kasri lilivyo karibu, unaona kwamba wale waliokuwa ndani hawakuwa na pa kujificha.

Mkiendelea mtaupita Mtini, mti mkubwa ambao chini yake mafundi hutengeneza vyombo, na baada yake jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama vitambaa vya darizi. Hilo ni la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, akafariki kabla halijamalizika. Halafu ni bandari ya Malindi, ambako majahazi ya mizigo bado hufunga yakiwa ubavu kwa ubavu.

Nakuongezea jambo moja ambalo halionekani tena, kwa kuwa wewe ni mwalimu na utapenda kulieleza. Zamani mkono wa bahari ulikuwa ukiingia nyuma ya mji kutokea upande wa Funguni, hata Mji Mkongwe ukakaribia kuwa kisiwa, na mtu akitaka kwenda Ng'ambo alivuka daraja. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, na leo juu yake inapita barabara kuu. Lakini soko lililo karibu yake bado linaitwa Darajani, na Ng'ambo bado ni Ng'ambo.

SWALI: Nitakuja Unguja pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 70 na mtoto wa miaka minne. Tunapenda kupanda mashua jioni, lakini nina hofu, hasa nikikumbuka misiba ya baharini ya mwaka 2011 na 2012. Ni saa ngapi na siku gani zilizo salama kwetu? (Mama Neema, Mwanza)

JIBU: Hofu yako ina msingi, dada yangu, ingawa misiba ile miwili ilikuwa ya meli za abiria katika bahari kuu, nayo safari hii haitoki mbele ya mji. Kwa mama mzee, shida kubwa zaidi ni kupanda na kushuka, na shida hiyo inatawaliwa na maji.

Mashua nyingi hapa hazifungi kwenye ngazi. Abiria huzifuata ufukweni. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 4, kwa hiyo yakipwa utatembea mbali juu ya mchanga na mawe yenye ncha, kisha uingie maji ya magoti. Neema iliyopo ni kwamba siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, yaani karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu, maji ya Unguja huwa yanajaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja ya jioni. Ukipanga safari yako katika siku hizo, chombo kitaweza kusogea hadi karibu kabisa na nchi kavu, na mama atapanda kwa hatua mbili tatu. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka, maji yakawa yamepwa wakati wa alasiri, ingawa hayapwi mbali sana. Basi utazame mwezi kabla ya kukata tiketi.

Nasema haya kwa yaliyonipata. Nilipata kupanda mashua moja ambayo nahodha wake aliwaacha wageni wachelewe visiwani bila ya kuyahesabu maji. Tulikwama juu ya fungu la mchanga zaidi ya saa mbili, usiku ukatuingilia, na miongoni mwetu alikuwamo bibi aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Tangu hapo sipandi kabla sijamuuliza nahodha maji yanajaa saa ngapi, na asiyejibu papo hapo simpi pesa zangu.

Kabla ya kuondoka, hesabu majaketi okozi kwa mkono wako na uhakikishe kuna moja linalomkaa mtoto barabara, kwani la mtu mzima humtoka kichwani akiwa majini. Muulize nahodha kibali chake cha kuchukua abiria. Mpatane bei ya chombo kizima na muda wake, si ya kichwa kimoja kimoja, ili asishawishike kuongeza watu. Jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja ya usiku mwaka mzima, kwa hiyo ukiondoka saa kumi utaliona likitua na utarudi kungali na mwanga. Miezi ya masika, hasa Aprili na Mei, ningekushauri uiache. Kusi inapovuma baada ya masika usiiogope sana, kwa kuwa mji uko upande wa magharibi wa kisiwa na upepo hupita kwanza juu ya nchi kavu.

SWALI: Watembezaji wote wananiambia safari ya chombo ni ya kwenda Kisiwa cha Changuu kuwaona kobe. Je, hiyo inatosha? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Haitoshi, ingawa ni nzuri. Changuu iko kiasi cha kilomita 5 na nusu kutoka mjini. Gereza lililojengwa huko mwaka 1893 halikutiwa wafungwa; liligeuzwa mahali pa karantini. Kobe wakubwa wanatokana na wale wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wasipandwe mgongoni wala wasilishwe kitu ambacho mlinzi hakukitoa. Tatizo la safari hii ni kwamba boti za mashine hukata moja kwa moja kwenda na kurudi, na mji unabaki nyuma ya kisogo chako. Mwambie nahodha wakati wa kurudi apite taratibu mbele ya Malindi na Forodhani kabla ya kukushusha, na mpatane hivyo tangu mwanzo.

SWALI: Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja na kufariki hapa kwetu, alikuwa akitusimulia habari za jumba la Mtoni lililokuwa pembeni mwa bahari. Mwaka huu nitakuja kwa mara ya kwanza. Je, naweza kuliona nikiwa katika chombo? (Mjukuu, Maskati)

JIBU: Unaweza, na kwa hakika ndivyo linavyostahili kuonekana. Mwombe nahodha apite Malindi na Funguni, aendelee kaskazini akiambaa na pwani. Utayapita kwanza magofu ya Maruhubi, jumba ambalo Sayyid Barghash aliwajengea masuria wake na likaungua mwaka 1899. Nguzo zake nene bado zimesimama baina ya miti. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri kongwe la Sayyid Said bin Sultan, ambako binti yake Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake Salme ameieleza roshani ya duara iliyokuwa mbele ya jumba, ikitazama bahari, ambako baba yake alikuwa akikaa na jamaa zake wakinywa kahawa.

Roshani hiyo haipo tena, na kilichobaki ni kuta. Safari ni ndefu kuliko ile ya mbele ya mji, kwa hiyo ianze mapema, saa nane au saa tisa, katika siku ambazo maji yanajaa jioni, ili chombo kiweze kusogea karibu na nchi. Ukifika mkabala na kuta hizo mwambie nahodha azime mashine. Kama bibi yako alikuachia jina la mtaa au la nyumba mjini, mtajie nahodha huyo huyo mkiwa njiani kurudi. Wazee wa bandari ya Malindi wanazijua nyumba nyingi kwa majina ya waliozikaa, na huenda ukaelekezwa mlango wenyewe kabla ya magharibi.