Kodi ya kaboni na minofu ya sangara

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakusanya sangara katika mialo ya Sengerema na kuwapeleka kwenye viwanda vya Mwanza kwa lori lenye jokofu la dizeli. Wenzangu wanasema kodi ya kaboni ya Ulaya itashusha bei tunayolipwa, na kwamba dawa yake ni Serikali kutupatia ruzuku ya mafuta. Je, ni kweli? – Msomaji, Sengerema.

JIBU: Ndugu msomaji, utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kutoza kaboni mipakani, yaani kulipisha hewa ya kaboni iliyotoka wakati bidhaa inayoingizwa ikitengenezwa, ulioanza kutumika kikamilifu Januari 1, 2026, unahusu saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, haidrojeni na umeme, samaki hawamo. Kinachoweza kuwagusa ni nauli ya meli. Tangu 2024, kwa awamu, meli kubwa zinazotia nanga katika bandari za Umoja huo hulipia hewa ya kaboni zinayotoa, ikiwemo nusu ya ile ya safari zinazoanzia nje ya Umoja, na kampuni za meli huisukuma gharama hiyo kwa mwenye kontena. Mzigo huo unaihusu minofu iliyogandishwa, si ile mibichi inayopanda ndege.

Kuhusu ruzuku ya mafuta, siungi mkono. Ile ya 2022, iliyoanza kwa shilingi bilioni 100 kwa mwezi, ilimfikia mwenye gari la starehe sawa na mwenye lori la samaki, kwa kuwa pampu haibagui. Tena, hata kama hapa nchini tungetozwa dola 10 kwa kila tani ya hewa ya kaboni, lita 1 ya dizeli, ambayo hutoa takriban kilo 2.7, ingepanda kwa chini ya senti 3 za dola; kwa tangi la lita 100 hazifiki dola 3, na sangara mmoja mkubwa anayekataliwa kiwandani kwa kulegea ni hasara kubwa zaidi.

Afadhali ruzuku iende kwenye mitambo ya barafu mialoni na kwenye maboksi ya lori yasiyopitisha joto. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni gesi ya jokofu lenyewe: kilo 1 ya R404A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja hupasha joto anga sawa na karibu tani 4 za hewa ya kaboni, yaani kuchoma dizeli zaidi ya lita 1,400. Kwa hiyo soma kibati cha mtambo wako ujue unatumia gesi gani, na usikubali fundi akuongezee gesi kabla hajapata na kuziba mahali inapovujia.